Mpaka Niliupinda Mimi

Kwanza mnisamehe mwandiko. Najua herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na pengine kuna neno nimeliandika mara mbili na jingine nimelisahau kabisa. Mimi niliishia darasa la nane, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza kunakili kutoka ubaoni. Barua hii nimeiandika kwa siku tisa. Nikikosea msinicheke sana. Nimeshachekwa vya kutosha, kama mtakavyoona.

Nakiri mbele yenu kwamba nimekosa. Nilimtoa mzee wa watu katika kijiji chake nikamtupa wadi nyingine, yeye na nyumba yake na kuku wake, na wala sikumgusa kwa kidole. Sikung'oa jiwe la mpaka. Sikuhonga mtu. Nilitembea tu, lakini nilitembea vibaya!

Majina nimeyabadilisha. Kijiji sitakitaja, ila ukitoka Watamu ukaiacha lami, ukaingia ndani kwa tuktuk mpaka dereva aanze kulalamika, hapo umekaribia kwetu.

Kazi yangu ni ukwezi. Nakwea minazi ya watu, naangua nazi na madafu, nami napewa fungu langu. Niwaambie siri: niliipenda kazi hii kwa sababu juu ya mnazi hakuna mtu wa kukutazama usoni. Mtu akikusalimia kutoka chini, unaitikia ukiwa umefichwa na makuti, naye anapita zake.

Mimi nina haya. Si haya kidogo. Nikienda dukani nikakuta watu watatu, nasimama mbali mpaka wapungue. Wakati mwingine wanaongezeka, narudi nyumbani bila chumvi. Hawe, yaani nyanya yangu aliyenilea, amezoea kupika bila chumvi.

Sasa niwajulishe Mzee Charo. Huyu ndiye mzee wa kijiji chetu. Ndiye anayemsaidia naibu chifu kujua mbuzi wa nani ameingia shamba la nani, na ni mtoto gani haendi shule. Ana kofia ya kijani, ana filimbi shingoni, na ana daftari ambalo pembe zake zimekunjamana kama masikio ya mbwa. Akipuliza filimbi hata mbuzi huinua vichwa.

Mguu wake mmoja hauna nguvu tangu aanguke na bodaboda, lakini ukimwita "Mzee wa Kijiji" husimama wima kabla hajakujibu. Mkewe alifariki zamani. Tangu hapo, kazi ile ndiyo inayomwamsha. Ukimnyang'anya filimbi yake umemnyang'anya asubuhi yake.

Mzee Charo ana binti, Kadzo. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Nilimwandikia Kadzo barua. Ukurasa mmoja, siku kumi na mbili. Kumpa mkononi sikuweza. Basi siku niliyoitwa kuangua kwao nikaikunja, nikaichomeka katikati ya fungu la madafu, nikaliteremsha fungu kwa kamba mpaka miguuni pake. Nikamwona anaitoa. Nikamwona anaifungua. Jamani! Nilibaki juu ya mnazi ule mpaka jua likapoa, nikijifanya nasafisha makuti makavu. Mzee Charo aliniita mara mbili nishuke ninywe chai. Nikamwambia sijamaliza.

Wiki ikapita bila jibu. Nikaapa kwamba sitapita tena ua wa Mzee Charo mpaka nijibiwe au nizikwe.

Wiki hiyo hiyo wakaja watu wa mipaka.

Ilitangazwa kwamba mipaka ya wadi inaangaliwa upya kote, ili kila mtu ajulikane anapigia kura wapi. Kwetu mpaka ni safu ya minazi waliyoipanda wazee wa zamani, kuwatenganisha watu wa upande wa chini, ambao ni sisi, na watu wa upande wa juu. Kila mtu anaiita minazi ya mpaka. Inakuja moja kwa moja, inapita nyuma ya jiko la Mzee Charo, halafu inaendelea. Kwa hiyo yeye ni wa chini, ila kwa hatua kama kumi tu. Akimwaga maji ya kuoshea vyombo kwa nguvu, yanafika wadi ya pili.

Aliletwa kijana wa ofisini, ana mkoba na kidude bapa kama simu kubwa. Mzee Charo alitaka kumwongoza yeye mwenyewe, lakini mguu ukakataa. Akapuliza filimbi, akaniita nikiwa juu ya mnazi.

"Mchukue huyu," alimwambia kijana. "Minazi ya mpaka yote ameikwea. Akikwambia mpaka ni hapa, ni hapa."

Aliniwekea mkono begani akisema hivyo. Mkono ule nausikia mpaka leo.

Kijana wa ofisini alinieleza kazi. Akasema, "Wewe tembea palipo na mpaka. Mimi nitakufuata, na hiki kidude kitanifuata mimi. Unapopita ndipo patakapochorwa."

Nikatembea. Mnazi baada ya mnazi, vizuri kabisa. Nilikuwa najisikia mtu mkubwa, kwa sababu nilikuwa mbele na yeye nyuma, kwa hiyo hakuona uso wangu.

Tulipobakisha minazi mitatu kufika kwa Mzee Charo, nikasikia mbuzi ya kukunia nazi. Kwaru, kwaru, kwaru. Ilitoka nyuma ya jiko, pale pale mpaka unapopita. Hakuna mwingine wa kukuna nazi katika nyumba ile ila Kadzo.

Ndugu zangu, akili haikufanya kitu. Ni miguu. Miguu ilikata kushoto, ikateremka kwenye shamba la mihogo lililo mbele ya nyumba, mimi nikiwa nimeinama ili majani yanifiche. Kijana wa ofisini akanifuata, na kidude kikamfuata.

Aliniuliza, "Mpaka unapita huku?"

"Unapita huku."

"Na ile minazi mbona inaendelea kule juu?"

"Ile ni ya watu," nikasema.

Kana kwamba iko minazi isiyo ya watu! Lakini yeye alikuwa mgeni, akaandika. Tuliizunguka nyumba yote kwa mbele, tukatokea upande wa pili, tukairudia safu ya minazi, tukaendelea kama kawaida. Nilijiona nimekwepa dimbwi tu. Nani anahesabu mtu akikwepa dimbwi?

Ikapita miezi. Ramani ikaletwa, ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya naibu chifu, na baraza likaitwa. Aliyetuita kwa filimbi ni Mzee Charo mwenyewe. Alivaa kofia yake akakaa mbele.

Mstari wa mpaka ulikuwa mwekundu. Ulikuja umenyooka vizuri, halafu ghafla ukatoa tumbo kama la mtu aliyekula pilau ya harusi, halafu ukanyooka tena. Ndani ya tumbo lile kulikuwa na nyumba moja tu. Mnaijua ni ya nani.

Naibu chifu wetu ni mama mmoja asiyependa maneno mengi. Aliitazama ramani, akamtazama Mzee Charo, akasema pole pole kwamba kufuatana na mstari ule, Mzee sasa ni mkazi wa wadi ya juu. Na mzee wa kijiji sharti awe mtu anayelala katika kijiji chake.

Watu walicheka. Mmoja akamuuliza Mzee ameamka saa ngapi kutoka ng'ambo akawahi hivi. Mwingine akasema mgeni apishwe kiti. Mzee Charo hakucheka. Mkono wake ulikuwa umeishika filimbi kama mtoto anavyoshika sarafu sokoni.

Naibu chifu akauliza ni nani aliyemwongoza mpimaji. Wote wakanigeukia. Nilitamani mnazi wowote, hata mfupi!

Basi sikilizeni alichosema Mzee Charo. Alisema, "Huyu hawezi kukosea. Anaijua minazi kuliko anavyowajua watu. Kidude ndicho kilichokosea."

Alinitetea. Mbele ya baraza zima, mtu niliyemhamisha alisimama kwa mguu wake mbovu akanitetea! Nami nilikuwa na mdomo, nao haukufunguka. Nikatazama chini nikahesabu siafu.

Naibu chifu alisema ambaye ana malalamiko aandike barua, dirisha la malalamiko litafungwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikafurahi. Kusema siwezi, lakini kuandika naweza! Usiku sikulala, alfajiri nikaanza. Jumanne nikaandika salamu. Jumatano nikaandika mimi ni nani. Alhamisi nikafika kwenye minazi. Ijumaa, watu wanaenda msikitini, mimi niko kwenye mihogo. Jumamosi nikamaliza kisa, Jumapili nikanakili safi, Jumatatu nikaipeleka. Mtu wa mlangoni akanionyesha tangazo la dirisha kufungwa, likiwa limeshabanduka upande mmoja. Nikairudisha nyumbani nikaichomeka kwenye makuti ya paa.

Mzee Charo kwa upande wake hakulia. Alifikiri siku mbili, akaenda kwa naibu chifu akamwambia, "Kama neno ni kulala, nitalala."

Na nyumba iliyo karibu naye kwa upande wa chini ni ipi? Ni yetu.

Alikuja na mkokoteni. Kitanda chake, mto wake, daftari lake na kiti cha plastiki. Alimwomba Hawe kwa adabu, na Hawe hawezi kumkatalia mtu aliyemsaidia kumzika mumewe. Akapewa chumba changu. Mimi nikahamia jikoni, penye makumbi ya nazi na panya wa Hawe.

Mzee anakoroma kama mashine ya kusaga. Lakini hilo si kitu. Kila asubuhi hupuliza filimbi mlangoni pangu, na watu wanakuja. Kesi za mbuzi, kesi za korosho, mke na mume waliogombana kwa ajili ya redio. Wanakaa kwenye ua wetu, wananisalimia mmoja mmoja, nami natafuta pa kupita kwenda chooni.

Hawe aliniambia, "Wewe unayewakimbia watu, sasa umeletewa baraza nyumbani."

Na kila mchana Kadzo alileta chakula cha baba yake. Yule niliyeupinda mpaka wa serikali nisimwone, sasa namwona kila siku, amebeba sufuria!

Siku kadhaa nilijificha. Siku moja akanikuta uani nafua nazi, mikono imejaa, siwezi kukimbia na kuwaacha watu wa kesi bila nazi.

Akasema, "Kumbe mihogo yetu inakupendeza."

"Mihogo ipi?"

"Ile uliyoipitishia serikali."

Alikuwa ameniona! Alisema alikuwa anakuna nazi, akaona kichwa changu kinakwenda katikati ya mihogo kama kobe, na nyuma yangu mtu mwenye mkoba.

Halafu akaishika pembe ya leso yake. Palikuwa na fundo.

"Jibu lako lilikuwa hapa siku ile," akasema. "Nilijua utapita na minazi. Nilikaa nyuma ya jiko tangu asubuhi, nimekuna nazi mpaka zikazidi mboga. Wewe ukapita mihogoni."

Nilitaka kusema kitu. Nilisema, "Aa."

"Mwambie baba mwenyewe. Ukishamwambia, utalipata. Mimi simwambii, na hili sikupi kabla."

Akaenda zake. Enyi wasomaji, mmewahi kuona jibu lenu likitembea limefungwa kwenye leso, likaingia njia ya mihogo, likapotea? Ni mimi niliyejifanyia hivyo!

Wiki nzima nilijaribu. Nilimkaribia Mzee akinywa chai, nikamuuliza kama sukari inatosha. Nilimkaribia akiandika kwenye daftari, nikamuuliza saa, na sina pa kwenda.

Ndipo mtu akampelekea naibu chifu maneno, kwamba mgeni kulala kwa watu si kukaa. Naibu chifu akaja kwetu asubuhi, watu wakiwa wamejaa uani kwa kesi. Mimi nilikuwa juu ya mnazi wa Hawe, nimewahi kupanda niliposikia pikipiki yake.

Alimsalimia Mzee Charo kwa heshima, akamwambia kuna malalamiko, na kwamba imempasa aichukue filimbi na daftari mpaka apatikane mzee mwingine. Alilisema kwa sauti ya chini, lakini mimi niko juu, sauti hunifikia.

Mzee hakubishana. Aliivua kofia kwanza. Halafu akaanza kuitoa kamba ya filimbi shingoni, nayo ikanasa sikioni. Akawa anavuta polepole, na hakuna aliyemsaidia.

Hapo nikasikia mtu anapiga kelele. Kumbe ni mimi!

"Mzee Charo, mpaka niliupinda mimi."

Wote wakatazama juu. Mzee naye akatazama juu, filimbi iko sikioni.

"Shuka useme," akaniambia.

"Nikishuka sitaweza."

Akafikiri kidogo. "Basi sema huko huko."

Nikasema. Nikaukumbatia mnazi, nikafumba macho, nikasema yote, minazi mitatu, mihogo, ile ya watu. Sijawahi kusema maneno mengi kiasi kile kwa siku moja.

Naibu chifu akauliza, "Na kwa nini ulipita kwenye mihogo?"

Hilo sikulitegemea. Nikatazama chini, na pale kwenye ua wa minyaa nikamwona Kadzo, amesimama na sufuria ya babaye.

"Nilikuwa namwonea haya Kadzo," nikasema. "Nilimwandikia barua."

Wallahi kicheko kile kilifika lami. Mke na mume wa kesi ya redio walishikana wasianguke, na hapo hapo wakasahau kesi. Hawe alikaa chini. Na dafu moja lilinitoka mkononi likaanguka karibu na pikipiki ya naibu chifu, ikaonekana kama nimekusudia.

Ambaye hakucheka ni Mzee Charo peke yake. Aliniambia, "Nilisema kidude ndicho kilichokosea. Nilikisingizia kidude cha watu." Sauti yake haikuwa kali, ndiyo maana iliniuma. Nilishuka, nikamwambia shikamoo, nikamwomba radhi mbele ya wote. Alichelewa kuitikia. Mwisho akasema marahaba.

Naibu chifu akataka maneno yangu kwa maandishi. Nikamwambia yapo, nikaichomoa ile barua kwenye makuti ya paa. Ilikuwa imetobolewa na mende. Aliisoma kwa muda mrefu, akaniuliza maneno mawili yanasemaje, hata mimi sikuyajua.

Kisha akatoa uamuzi. "Ramani ya kura si yangu, siwezi kuigusa. Barua hii nitaipeleka juu, na mkumbuke mipaka haiangaliwi upya kila mwaka. Lakini filimbi ni yangu. Mzee abaki nayo, mradi alale hapa mpaka jibu litoke."

Mzee akaivaa kofia yake. Akasimama wima. Akapuliza, akaita kesi ya pili.

Na Kadzo alitimiza ahadi. Alifungua fundo la leso akanipa karatasi, imelainika kama kitambaa. Nilienda kuisomea kwenye makumbi. Ilikuwa na mstari mmoja: "Mimi nimekubali, watume watu kwa baba."

Mngedhani nimepona! Sikilizeni sasa adhabu yangu.

Washenga hutoka nyumbani kwa mvulana wakaenda nyumbani kwa baba wa msichana. Wangu wataenda wapi? Wakipanda kule juu, watamkuta Kadzo na kuku tu. Baba wa msichana yuko kitandani kwangu. Basi watoke mlango wa jikoni wazunguke ua, wabishe hodi mlango wa chumba? Hawe atakuwa mwenyeji wa pande zote mbili, apike chai ya wageni na chai ya wenyeji kwa sufuria moja? Na katika kijiji chetu, anayewaongoza washenga ni nani? Ni mzee wa kijiji!

Nilijaribu kumdokeza Mzee Charo. Aliniambia hawezi kutoa binti akiwa ugenini, ni aibu kwake, nisubiri ramani irekebishwe arudi nyumbani kwake. Nimeshawaambia ramani huchukua muda gani. Kuupinda mpaka nilitumia dakika tano. Kuunyoosha, huenda nikawa na mvi.

Na siku ya kura, mzee yule mwenye mguu mbovu atapanda mpaka kituo cha ng'ambo, awachague watu asiowajua. Nimemwahidi nitampeleka na mkokoteni.

Kwa hiyo enyi wenye haya wenzangu, nawaonya. Haya ni yako, ifiche kwako, usiipitishe kwenye mashamba ya watu. Ukiulizwa njia na serikali, nyooka nayo, hata kama mbele kuna mtu anakuna nazi. Hasa kama mbele kuna mtu anakuna nazi! Na ukikosea, sema siku ile ile, usingoje kosa lako lije na kitanda na mto.

Naomba mniandikie. Mnishauri washenga wangu watokee mlango gani na waingilie upi, na kama kuna mtu aliyewahi kuposa akiwa analala jikoni kwa ajili ya mkwe. Nitasoma mwandiko wowote, hata uwe mbaya kama huu. Ila jibu mlitume kwa posta, msimpe mtu aniletee mkononi. Akija, atanikuta juu ya mnazi.